Kijana Akiuza Godoro, Nani Atauliza?

Siku chache kabla ya shambulio la DusitD2 jijini Nairobi, Januari 15, 2019, palitokea tangazo mtandaoni: vyombo vya nyumba vinauzwa, wenyewe wanahama. Nyumba ilikuwa Muchatha, Kiambu. Magazeti yaliandika kuwa mwenye tangazo ni mke wa Ali Salim Gichunge, kijana wa Isiolo, mtoto wa mwanajeshi, aliyetajwa kuwa kiongozi wa washambuliaji. Watu 21 waliuawa.

Siakago nilikuwa nimekwenda kufuata habari za muguka, majani ya kutafuna. Huko mzee mmoja wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wao, alinikumbusha tangazo hilo, na tangu hapo halijanitoka akilini.

Kwake, anasema, vijana huuza vitu na kuondoka kila mara. Huyu anauza mbuzi, yule godoro, simu ya zamani anamwachia mdogo wake, kisha anadandia Probox ya muguka hadi Embu na kuendelea Mombasa. Mwingine ana wakala aliyemwahidi kazi ya ulinzi Qatar. Majirani wanagombania godoro, mama anaombea safari. Amwandikie chifu kuhusu nani? Akiwaripoti wote, kitabu kitajaa kabla ya mwezi kwisha. Akinyamaza, halafu sura ya mmoja wao itokee kwenye runinga, yeye ndiye ataulizwa alikuwa wapi.

Ana kipimo chake. Anayekwenda kutafuta kazi hugombana na watu wake kuhusu nauli: anakopa, anamlilia mjomba, anaacha namba ya atakayempokea. Mzee humhofia yule ambaye nauli imeshalipwa na hasemi imelipwa na nani. Kisha anacheka kidogo na kukivunja kipimo hicho mwenyewe. Mawakala wa ughaibuni nao hulipa nauli, wakaikata baadaye kwenye mshahara.

Katika baraza aliambiwa awachunguze wageni. Mgeni gani, anauliza, ikiwa yeye ndiye aliyemzika babu wa kijana huyo?

Swali lake lina uzito kuliko mikakati mingi niliyoisoma. Al-Shabaab, kundi lililofanya shambulio la DusitD2, walivuna vijana kwanza kwenye mitandao ya watu kama Ahmad Iman Ali wa Majengo, Pumwani, wakachapa jarida lao, Gaidi Mtaani, kwa Kiswahili hikihiki. Aprili 2014 serikali ilipowasomba maelfu ya watu Eastleigh na kuwarundika uwanja wa Kasarani, ilikuwa ikiwatafuta Wasomali. Lakini Elgiva Bwire, kijana wa Busia aliyesilimu, alikuwa ameshafungwa maisha tangu 2011 kwa kesi ya maguruneti. Kundi lilishajua faida ya kijana ambaye jina lake halimshtui askari kizuizini.

Na wanaorudi? Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitoa siku kumi za msamaha kwa watakaojisalimisha. Mzee anataka kujua leo ampeleke wapi mama ambaye mwanawe amepiga simu kwa namba ya nje, akalia, akakata. Akimpeleka polisi, huenda mama asimwambie tena lolote. Akimpeleka kanisani, habari itafika sokoni kabla ya jioni. Kwa kazi hii halipwi mshahara, na salio la kumpigia chifu ananunua mwenyewe.