Jembe na Mkuki katika Ngao Moja

Barua ya Serikali itokayo Mbulu na ile itokayo Katesh, makao makuu ya Hanang, hubeba nembo moja, nayo ni Ngao ya Taifa. Wapo wanaoweza kudai kwamba ngao hiyo ni ya wengine, kwa kuwa mlima wake ni Kilimanjaro wala si Hanang, na mimea yake ni pamba na karafuu wala si ngano. Sisi hatukubaliani na fikra hiyo.

Ngao hii ilitokana na ile ya Tanganyika huru ya mwaka 1961. Baada ya Muungano wa 1964, bendera ya Tanzania ilichukua mahali pa ile ya Tanganyika. Juu unawaka mwenge. Chini yanapita mawimbi. Katikati, juu ya wekundu wa udongo wenye rutuba, jembe na shoka vimepishana, na mkuki umesimama wima. Mwanamume na mwanamke wamesimama kila mmoja upande wake.

Nani asiyeyatambua hayo katika wilaya zetu? Jembe ndilo lililowalisha Wairaqw katika miinuko ya Mbulu kwa vizazi vingi. Mkuki ndio uliolinda ng'ombe wa Wabarbaig katika mbuga za Hanang. Mkulima na mfugaji wote wamo.

Lakini udongo ule mwekundu una historia chungu. Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilipanua mashamba makubwa ya ngano Hanang, na wafugaji wakapoteza malisho yao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikipa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Taifa lilihitaji mkate, hatubishi. Lakini mkuki uliondolewa ili jembe lipite.

Chini ya ngao yameandikwa maneno "Uhuru na Umoja". Umoja haumaanishi mmoja ahame ili mwingine alime. Kwa hiyo tunawaasa viongozi wa wilaya zote mbili: kabla ya kupiga mhuri kwenye karatasi yoyote ya kugawa ardhi, waitazame kwanza nembo iliyo juu ya karatasi hiyo, kisha wawaite mkulima na mfugaji wakae pamoja. Asiyesikilizwa leo hataiona ngao hiyo kuwa yake kesho.