Kumfuata Yesu Masika na Kiangazi

Sisi wakulima twajua kwamba kila majira yana kazi yake. Hakuna atupaye jembe ati kwa sababu jua ni kali. Lakini katika imani, wengi wetu twadhani kumfuata Yesu ni kwa siku njema peke yake.

Tukumbuke ule ukame mkubwa. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Mifugo ilikufa, maghala yakabaki matupu. Njaa ikiingia hivyo, mtu huanza kuona haya kuja kanisani. Hana sadaka, viatu vimekwisha. Husema, "Nitarudi mambo yakiwa sawa." Na sisi viongozi tuna kosa pia: tukisoma kwa sauti majina ya waliotoa harambee, mwenye mkono mtupu ajifiche wapi?

Tumwangalie Petro. Aliitwa siku ya samaki wengi, nyavu zikaanza kukatika (Luka 5). Baadaye ukaja usiku wa baridi, naye akiota moto, akamkana Bwana wake mara 3 (Yohana 18). Yesu hakumfuta katika hesabu. Alipofufuka alimngoja ufuoni, penye moto wa makaa vilevile, akamwuliza mara 3 kama anampenda, akamkabidhi kondoo wake. Akamweleza habari za uzee wake, kisha akamwambia tena amfuate (Yohana 21). Majira yalibadilika, wito haukubadilika.

Basi kazi zetu ni zipi?

Wakati wa kupanda. Aliyeokoka juzi ni kama mche. Tusimwache peke yake. Tumfundishe polepole na kumpalilia.

Wakati wa mavuno. Hapa ndipo tunapomsahau Mungu upesi. Yusufu aliweka akiba miaka 7 ya shibe kule Misri (Mwanzo 41), na akiba hiyo ikaokoa wengi. Tushukuru, tuweke, tumkumbuke jirani.

Wakati wa ukame. Kule Ukambani wakulima huchimba matuta ya fanya juu kabla mvua haijaja: mtaro huchimbwa, udongo hutupwa upande wa juu, ili maji yakifika yasipite bure. Imani nayo huchimbwa wakati wa kiangazi, kwa sala fupi ya kila siku, hata ikiwa ni kulia tu mbele za Mungu.

Kazi nyingine ya ukame ni ngumu zaidi: kukubali kusaidiwa. Waumini wa Antiokia waliposikia kwamba njaa inakuja, kila mmoja alitoa kadiri alivyoweza kwa ndugu wa Uyahudi (Matendo 11). Je, waliopokea walikuwa Wakristo wa chini? Hapana! Injili ilifika Antiokia kwa watu waliotoka kwao Yerusalemu. Leo unapokea, jana ulitoa, kesho utatoa tena.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada, tuangalie viti. Nani hajaonekana mwezi huu? Twende kwake wawili wawili, tukibeba unga kidogo kama upo. Tusimwulize habari ya sadaka. Tuketi naye, tuombe naye, tumwambie kwamba nafasi yake ingalipo, na kwamba aje hivyo alivyo.