Spika Aminifu

Muuzaji huanza na wati. Hukuza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, naye mnunuzi huridhika kuwa amepata chombo cha daraja la juu. Sisi tunaona hapo ndipo penye ghururi, na wapo waliokopa kwa ajili yake.

Katika miaka ya 1970, wahandisi wa BBC huko Uingereza walihitaji spika ndogo ya kutumiwa ndani ya magari ya matangazo ya nje. Wakaunda LS3/5A, kijisanduku cha mbao chenye kimo cha sentimita 30 hivi. Besi yake ni haba, wala haistahimili kishindo. Kwa ukumbi wa harusi haifai kabisa. Hata hivyo, wapenzi wa sauti wangali wakiitafuta kwa bei kubwa, kwa kuwa inaaminika katika kunena. Wahandisi wale walizoea kulinganisha sauti ya mtu mwenyewe na ile itokayo spikani, maana sikio limeijua sauti ya binadamu tangu utotoni na halidanganyiki upesi.

Basi mwenye kwenda dukani na achukue rekodi ya msemaji amjuaye vyema, aisikilize kwa sauti ya chini. Akimsikia kama anenaye puani, au aliyejifunika shuka, bei isimhadae. Chumba nacho kina sehemu yake: sakafu tupu na kuta za saruji huivuruga sauti, na huenda zulia na pazia zito vikafaa kuliko amplifaya mpya.