Lau Wangalilisahau: Kuipangia Nchi Ndogo Majeshi katika Mchezo wa Historia Mbadala

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga majeshi ya nchi ndogo katika mchezo wa historia mbadala, yaani mchezo ambao washiriki huchagua tukio moja la kihistoria, wakaligeuza, kisha kila mmoja akaiendesha nchi yake kuanzia hapo. Nchi yetu ya mfano imekatwa katika kaunti za Migori na Homa Bay. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda, eneo hili likiwamo, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Lau wangalilisahau eneo hili siku ile, lingalijitawala. Hilo ndilo tukio tuligeuzalo.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua kwamba mofimu -ngali- ndiyo mlango wa mchezo huu. Hata hivyo, mlango hupitwa mara moja tu. Wachezaji wakishakubaliana, -ngali- hutoka, zikaingia -li-, -na- na -ta-. Mchezaji anayeendelea kulalama kwamba angalikuwa na vifaru angalishinda, huyo bado yuko nje ya mchezo.

Na vifaru ndivyo huwaponza wengi. Mpangaji asiye na uzoefu huanza na orodha ya silaha, akasahau nani atazilipia. Tuazime hesabu za sensa ya mwaka 2019: Migori ilikuwa na watu 1,116,436, na Homa Bay watu 1,131,950. Mtu mmoja katika kila mia akivishwa sare, tutapata askari zaidi ya 22,000. Hao hawatalima wala kuvua, nao watataka kula kila siku, vita viwepo visiwepo. Kwa hiyo swali la kwanza si silaha gani tununue, bali ni kitu gani hatuwezi kukubali kupokonywa.

Swali hilo lilikwisha kujibiwa papa hapa, na jibu lake lingali limesimama. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe, yanayodhaniwa kujengwa katika karne ya 16, na ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mawe yake yamepangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Kimo cha kuta ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake ni kati ya mita 1 na 3. Malango ni mafupi na membamba. Aingiaye sharti ainame, na mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ndani walikaa watu pamoja na mifugo yao. Jamii mbalimbali ziliishi humo kwa kupokezana, zikizikarabati kuta za waliotangulia, na ngome za aina hii zimetapakaa kwa mamia katika ukanda huu wa ziwa.

Tukiutazama mpango huo kwa jicho la mchezaji, tunaona kwamba wajenzi walitambua mali yao kuu, yaani ng'ombe na watu, wakaigeuza nguvu kazi yao kuwa ulinzi wa kudumu. Ukuta ukishajengwa hauli. Mjenzi hurudi malishoni, akashika silaha siku ya hatari tu. Nchi yetu basi itakuwa na jeshi dogo la kudumu, na nyuma yake mgambo mkubwa wa wakulima na wavuvi.

Ziwa Viktoria, hata hivyo, halijengewi ukuta. Mnamo Septemba 1914, meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilipokuwa ikipeleka askari Karungu, pwani ya Migori ya leo, ilikabiliwa na chombo kidogo cha Wajerumani, Muansa, ikalazimika kugeuza. Iliporudi ikifuatana na meli ya pili, Kavirondo, Muansa ndiyo iliyoondoka. Chombo kimoja chenye mzinga kilitosha kuufunga mlango wa nchi, na viwili vikatosha kuufungua. Karibu na miaka yetu, kisiwa cha Migingo, kisichofika hata nusu hekta, kiliwatia Kenya na Uganda katika mzozo uliopamba moto miaka ya 2008 na 2009. Kiini chake kilikuwa samaki aina ya sangara, au mbuta kama waitwavyo huku. Boti za doria ziwe nyingi na nyepesi. Anayetaka nyambizi aiache kwa mataifa yenye bahari.

Jambo la mwisho husahauliwa hata na wachezaji wazoefu: jeshi laweza kuigeukia nchi yake. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya ndani ya siku chache, na serikali zote tatu zikaomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Tanganyika ililivunja jeshi lile, na Septemba mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha JWTZ, jeshi ambalo amri zake hutolewa kwa Kiswahili. Nchi yetu ina wasemaji wa Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kigusii. Ikiwa amri zitatolewa kwa lugha ya kabila moja, kambi itagawanyika kabla adui hajafika. Zikitolewa kwa Kiingereza, mgambo aliyeitwa kutoka shambani au mtumbwini hatazielewa. Kwa hiyo katika jedwali la matumizi ya mwaka wa kwanza, kabla ya boti na bunduki, tumeandika gharama ya walimu wa Kiswahili, wawili kwa kila kikosi.