Ndoa Yaweza Kuvunjika, Uzazi Hauvunjiki

Katika kazi ya chama tumezoea kupokea mashtaka ya mishahara, saa za ziada na nyumba za laini zinazovuja. Lakini yapo mashtaka mengine ambayo huletwa kwa sauti ya chini, mkutano ukiisha kufungwa. Mama anasema baba wa watoto amehamia shamba jingine na hatumi kitu. Baba anasema mke ameondoka na watoto, na kila akienda kuwaona anafungiwa mlango. Mambo haya hayamo katika mkataba wetu na mwajiri, lakini humfuata mfanyakazi mpaka kwenye mashine na kwenye safu za chai. Kwa hiyo tumeona vema kueleza sheria za Uganda zinasema nini juu ya watoto wakati baba na mama wanapoachana.

Tuanze na jambo lililo kubwa kuliko yote. Watu wengi huchanganya ndoa na uzazi. Ndoa ni mapatano ya watu wawili, na yaweza kwisha. Uzazi ni wajibu kwa mtu wa tatu, yaani mtoto, ambaye hakuulizwa wakati wa kuoana wala haulizwi wakati wa kuachana. Wajibu huo haufi pamoja na ndoa. Unaendelea mpaka mtoto atimize miaka 18, baba akiwa ameoa tena au hajaoa, mama akiwa ameolewa tena au hajaolewa.

Milango ya talaka ni mingi

Nchini Uganda kila ndoa ina njia yake ya kuvunjwa. Waliooana kanisani au bomani hawawezi kuachana kwa maneno tu, bali ni lazima waende mahakamani chini ya Sheria ya Talaka ya mwaka 1904. Waislamu wana sheria yao ya ndoa na talaka ya mwaka 1906. Waliooana kimila hukaa na wazee wa pande mbili.

Ile sheria ya 1904 ilikuwa na upande. Mume aliweza kupata talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mke peke yake, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mume pamoja na kosa jingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 31, inasema kwamba mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjwa. Wanasheria wanawake wakaupeleka ubaguzi huo mbele ya Mahakama ya Katiba, na mwaka 2004 mahakama hiyo ikaamua kwamba masharti yale hayapatani na Katiba. Tangu hapo mke na mume husimama mbele ya hakimu kwa kipimo kimoja.

Lakini njia yoyote mliyopita kuachana, iwe ya kanisa, ya msikiti au ya ukoo, habari ya mtoto inatazamwa kwa sheria moja, nayo ni Sheria ya Watoto. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1997 na ikafanyiwa marekebisho mwaka 2016. Milango ya talaka ni mingi, ila mlango wa mtoto ni mmoja.

Mahari hayanunui mtoto

Twasikia mara nyingi baba akisema: "Nililipa ng'ombe, watoto ni wangu." Na upande wa mke, wazazi wake humwambia: "Rudi kwa mume, sisi hatuna ng'ombe wa kurudisha." Hivyo mama anakaa katika nyumba ya kipigo kwa sababu ya deni la mifugo, na watoto wanatazama.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu Kuliko Zote ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari yarudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Tuelewane vizuri. Mahari yenyewe hayakupigwa marufuku, na anayetaka kuyatoa kwa heshima ya wakwe anaruhusiwa. Kilichokatazwa ni kumdai mwanamke au wazazi wake wayarudishe ili awe huru. Wala idadi ya ng'ombe haiamui mtoto atalala wapi. Mbele ya sheria mtoto si mali ya ukoo wa baba wala wa ukoo wa mama.

Na palipo na kipigo, mtu asilazimishwe kukaa kikao cha suluhu kwanza. Iko Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010, na mlango wa polisi uko wazi.

Mtoto akae na nani?

Wazazi wakipatana wenyewe, ni vizuri zaidi. Wasipopatana, hakimu ndiye anayeamua, na sheria inamwambia atangulize manufaa ya mtoto kuliko haki ya baba au ya mama. Hakimu anatakiwa kutazama mambo kama haya: mtoto mwenyewe anataka nini, kwa kadiri ya umri na akili yake, mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya shule, mabadiliko yatamwathiri namna gani, kama amepata madhara au yuko hatarini kuyapata, na kama kila mzazi anaweza kweli kumtunza.

Tuseme baba ni fundi wa kiwanda cha sukari mwenye mshahara mzuri, na mama ni mchuma chai wa kulipwa kwa kilo. Je, baba atashinda kwa kuwa ana fedha nyingi zaidi? La. Fedha za baba zaweza kuagizwa zimfuate mtoto mahali anapokaa. Hakimu atauliza: nani humwamsha mtoto na kumpeleka shule? Baba akiwa zamu ya usiku, mtoto analala na nani? Mtoto mchanga mara nyingi huachwa kwa mama, lakini hiyo si amri isiyobadilika. Baba ambaye ndiye amekuwa akilea anaweza kupewa watoto, na wako waliopewa.

Sheria pia inakumbusha kwamba kuchelewa kunamwumiza mtoto. Shauri likivutwa mwaka na nusu, mtoto wa darasa la kwanza amekwisha kuzoea makao mapya, na kumng'oa tena ni kumjeruhi mara ya pili.

Matunzo ni haki ya mtoto

Sheria ya Watoto inataja wazi mambo sita ambayo mtoto anastahili kwa mzazi au mlezi wake: elimu na maongozi, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, makao na matibabu. Anayekaa na mtoto, awe mama, baba au mlezi, anaweza kuiomba Mahakama ya Familia na Watoto imwamuru mzazi mwingine alipe matunzo. Maombi hupelekwa katika mahakama ya mahali anapokaa mwombaji. Kwa hiyo mama aliye Kyenjojo halazimiki kumfuata baba mpaka Jinja. Wala si lazima talaka iwe imekwisha kutoka, kwani maombi yanaweza kutolewa hata ndoa ikiwa bado ipo, maadamu mtoto hajatimiza miaka 18.

Na ambao hawakuoana kabisa, bali waliishi pamoja katika laini? Wajibu ni ule ule. Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuombwa itamke nani ni mzazi, na vipimo vya daktari vinaweza kutumika.

Kiasi cha kulipa kila mwezi hakimu hukipanga kwa kutazama hali ya shauri na uwezo wa mzazi anayedaiwa. Hapo ndipo karatasi zinaposema kuliko machozi. Mwenye kudai aje na hesabu: karo, daftari, unga, dawa. Mwenye kudaiwa aje na hati yake ya mshahara, aonyeshe anapata nini na anakatwa nini. Anayelipa fedha mkononi aandikiwe risiti, na anayetuma kwa simu asifute ujumbe. Mshahara ukipungua, au kiwanda kikifungwa, mtu asinyamaze tu na kuacha kulipa. Arudi mahakamani aombe amri ibadilishwe. Anayekaidi amri, mali yake au mshahara wake waweza kushikwa.

Fedha na kuonana havibadilishani

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Mama husema: "Hajaleta fedha, basi hamwoni mtoto." Baba husema: "Sionyeshwi mtoto, basi silipi." Kila mmoja hudhani anamkomoa mwenzake. Lakini wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Mtoto wa kwanza amenyimwa baba, na wa pili amenyimwa chakula.

Kifungu cha 34 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Kulishwa ni haki ya mtoto, na kumwona mzazi wake ni haki ya mtoto. Moja haliwi rehani ya lingine. Baba anayefungiwa mlango aendelee kulipa, atunze risiti, na aiombe mahakama ipange siku za kuonana. Mama asiyelipwa adai matunzo mahakamani, lakini asimfiche mtoto. Na kumnyakua mtoto njiani akitoka shule ni kumtia hofu bure, tena hakimu ataliona kuwa doa kwa aliyefanya hivyo.

Pa kuanzia

Wengi hawaendi popote kwa kudhani sheria ni ya wenye mawakili. Si kweli. Njia iko hivi:

Kwanza, andikeni mapatano: mtoto anakaa wapi, nani analipa nini na tarehe gani, mwingine anamwona siku zipi. Watie sahihi wote wawili na mashahidi.

Pili, mkishindwa, nendeni kwa LC ya kijiji. Yuko mjumbe anayehusika na mambo ya watoto, na halmashauri inaweza kumwita mzazi anayemwacha mtoto. Ila mjue kwamba LC haina uwezo wa kuvunja ndoa ya kanisani au ya bomani.

Tatu, nendeni kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye watu humwita probesheni. Kazi yake ni kusikiliza pande zote mbili, kutembelea nyumba, na kuiandikia mahakama taarifa.

Nne, nendeni Mahakama ya Familia na Watoto. Anayehitaji msaada wa sheria na hana fedha aulize FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974.

Mwajiri na chama

Mwajiri hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi mshahara kwa sababu tu mke amekuja kulia ofisini, wala karani hana haki ya kutoa fedha dirishani kwa huruma yake. Amri ya mahakama ndiyo njia. Lakini mjumbe wetu anaweza kumsaidia mwanachama kupata ruhusa ya siku ya kwenda mahakamani, na kuangalia kwamba watoto hawafutwi katika orodha ya matibabu ya zahanati ya shamba ati kwa kuwa mama yao ameondoka.

Na tukumbushane juu ya nyumba. Nyumba ya laini ni ya kampuni. Wakiachana, asiyekuwa na ajira pale hana msingi wa kubaki. Basi katika mapatano yenu, jambo la kwanza kuandika liwe makao ya watoto, kabla ya vyombo na kitanda.

Wenye wenzao ng'ambo ya mpaka

Wengi wetu tuna wenzi Kenya au Tanzania, na huko pia sheria inamtazama mtoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwa kawaida shauri la talaka lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 afadhali akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo kuvuka Busia au Mutukula hakumfanyi mtu asiwe mzazi.

Ndugu wafanyakazi, chama hiki hakikuundwa kuhukumu nani alimkosea nani nyumbani. Hayo ni yenu. Lakini sisi sote tunadai mwajiri alipe haki ya aliyefanya kazi, hata akiwa amemchukia. Hatuwezi kudai hivyo mchana kiwandani, na jioni tukamnyima mtoto haki yake kwa sababu tumemchukia mama yake au baba yake. Mjumbe wa kila laini na awasomee wasiojua kusoma maneno haya, na mwenye shauri aje mapema, mtoto akiwa bado yuko shuleni.