Chungu cha Mama Mkwe

Mnunuzi anayejua vyungu haanzi na rangi. Anakiinua chungu, anakipima uzito mkononi, kisha anakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia kama kengele, kimeiva na hakina ufa. Kikitoa mlio mzito wa kukwama, anakirudisha chini bila maneno mengi na kuchukua kinachofuata. Mtihani huo wa sekunde mbili haujafa katika Nyanza Kusini, kuanzia Rongo, mji ulio kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, hadi masoko ya Homa Bay kando ya Ziwa Victoria. Ndoo za plastiki na sufuria zimejaa kila mahali, lakini bado kuna nyumba nyingi ambazo maji ya kunywa hukaa ndani ya mtungi wa udongo.

Siku hizi watu wazima wa mijini hulipa ada ili wajifunze ufinyanzi kwenye karakana za pamoja. Hukuta meza ndefu, magurudumu, tanuri la umeme na wenzao wasiowajua, nao huchafuka mikono jioni baada ya kazi. Wengi huliona jambo hili kuwa jipya. Kwa Wajaluo, wenyeji wa eneo hilo, mtu mzima kuanza udongo bila kujua lolote, tena miongoni mwa watu ambao hajawazoea, ni desturi ya tangu zamani. Karakana yenyewe ilikuwa ua wa mama mkwe.

Watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliowachunguza wafinyanzi wa Kijaluo katika eneo la Siaya miaka ya 1980, walikuta jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Mtu angedhani binti hufundishwa na mamake mzazi. Wafinyanzi wengi waliokutana nao, hata hivyo, walikuwa wameanza kazi hiyo baada ya kuolewa. Msichana huondoka kwao, akaingia boma la mumewe, na kama boma hilo liko karibu na udongo mzuri na wanawake wake ni wafinyanzi, basi mama mkwe ndiye mwalimu na wake wenza ndio wanafunzi wenzake. Hata aliyefika akiwa tayari anajua kidogo hulazimika kubadili mkono wake: mdomo wa chungu ukunjwe hivi, urembo upite hapa, shingo isizidi pale. Ndiyo maana vyungu vya jirani na jirani hufanana ingawa waliovifinyanga walizaliwa sehemu mbalimbali.

Hapo kuna jambo la kufurahisha. Mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka: wa Gem ni Nyar Gem, wa Kamagambo ni Nyar Kamagambo, hata akiwa bibi mwenye wajukuu. Jina lake linataja alikozaliwa, na chungu chake kinataja alikoolewa.

Somo la kwanza ni kubeba. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa kwenye kingo za mito na mabonde yenye maji, ukafika nyumbani ukiwa na mizizi na kokoto. Huchambuliwa, hutwangwa, hutiwa maji na kukandwa mpaka ulainike na hewa itoke. Kuna kipimo rahisi ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kujaribu: viringisha kipande kiwe chembamba kama penseli, ukizungushe kwenye kidole. Kikipasuka, udongo una mchanga mwingi mno. Kikijipinda bila ufa lakini kikanata kwenye ngozi kama gundi, unahitaji mchanga au unga wa vigae, la sivyo chungu kitasinyaa vibaya na kupasuka wakati wa kukauka.

Vigae hivyo ndivyo vinavyotajwa na methali ya Waswahili: mfinyanzi hulia gaeni. Methali inamcheka fundi anayewapa watu vyungu vizima na yeye akala kwenye kipande. Lakini uani gae ni mali. Likisagwa huchanganywa na udongo mbichi, na kitako cha chungu kilichovunjika kinaweza kugeuzwa sahani ya kufinyangia kipya.

Kisha mikono inaanza. Hakuna gurudumu. Udongo huviringishwa kwa viganja uwe kamba nene kama kidole gumba, kamba ikalazwa juu ya kitako kwa duara, nyingine juu yake, na kila moja ikasuguliwa mpaka kiungo kisionekane. Mfinyanzi huinama na kukizunguka chungu, hatua baada ya hatua, kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Kipande cha kibuyu hulainisha tumbo la chungu. Kamba iliyosokotwa huviringishwa begani mwa chungu ikaacha michoro midogo iliyopangana. Mwanafunzi mwenye haraka hujulikana mapema: anapandisha ukuta kabla sehemu ya chini haijakaza, na chungu kinakaa chini kama mtu aliyechoka.

Hilo si msiba. Tabaka, upande wa Wagusii na si mbali na Rongo, mafundi huchonga jiwe la sabuni, na patasi ikiteleza kipande kilichotoka hakirudi. Lakini udongo uliokosewa hurudishwa majini, ukakandwa upya. Raha kubwa ya mwanafunzi wa ufinyanzi ipo hapo: mpaka saa ya moto ifike, kosa halimgharimu ila jasho.

Moto ndio usiosamehe. Chungu hukaushwa kivulini siku kadhaa, maana jua kali hukausha nje huku ndani kungali na maji. Siku ya kuchoma, vyungu hupashwa joto kidogo kidogo, kisha hupangwa na kufunikwa kwa kuni, nyasi na samadi kavu. Maji yaliyobaki yakifika nyuzijoto 100 yakiwa bado ndani, hugeuka mvuke na kukipasua chungu kwa kishindo. Moto ukipita nyuzijoto 500 hivi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huanza kutoka, na hapo udongo huacha kuwa udongo: hata ukilowekwa mwaka mzima hautarudi kuwa tope. Lakini moto wa uani hauzibi matundu yote. Maji hupenya polepole hadi ngozi ya nje, hupeperuka na kuondoka na joto. Hiyo ndiyo siri ya mtungi, ambao Wajaluo huuita dapi, kupoza maji bila umeme.

Eneo hili limefinyanga muda mrefu sana. Gogo Falls, kwenye mto Kuja ndani ya Migori, wanaakiolojia walichimbua vigae vya aina ya Kansyore, vilivyotengenezwa na wavuvi na wawindaji maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya kilimo kufika ziwani. Juu yake palilala vigae vya watu waliokuja baadaye. Watu hao wote hawakuacha maandishi. Kinachowatenganisha leo ni umbo la mdomo na alama zilizochorwa begani.

Nao wafinyanzi hawakubaki palepale. Chungu cha thago, ambacho wazee walikizunguka na mirija mirefu kunywa pombe, kimepungua, lakini kazi nyingine zimezaliwa. Tangu miaka ya 1980, vikundi vya wanawake magharibi mwa Kenya hufinyanga kiini cha jiko la Upesi, linalojengewa jikoni na kupunguza kuni. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la CARE lilipokuwa likihimiza maji safi Homa Bay kwa ushirikiano na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tatizo lilikuwa mdomo mpana wa mtungi: kila kikombe na kila mkono huingia. Watu walipenda maji baridi ya udongo, kwa hiyo mtungi haukutupwa. Wafinyanzi waliubana mdomo, wakautengenezea kifuniko, na chini ukatiwa bomba.

Mkenya anayejulikana zaidi duniani kwa udongo naye alijifunza kwa wanawake, ukubwani. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa ya biashara. Miaka michache baadaye alifika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, akaketi na mfinyanzi Ladi Kwali na wenzake, akawatazama wakipandisha vyungu kwa mikono na kuvizunguka. Mpaka leo hajengi kwa gurudumu. Vyombo vyake, vilivyosuguliwa vikang'aa, vyekundu kama kutu au vyeusi tititi, viko katika majumba makubwa ya makumbusho, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa hadhi ya Dame.

Kijaluo kina kitenzi kimoja, chweyo, kwa kufinyanga na kwa kuumba. Mungu huitwa Nyasaye Jachwech. Anayeanza leo, Rongo au kwingineko, hahitaji kufikiria makubwa hivyo. Donge la udongo la kujaa kiganja linatosha. Bonyeza gumba katikati, usitoboe, kisha ubane ukuta huku ukilizungusha taratibu mpaka unene uwe sawa pande zote. Liache kivulini wiki nzima, ulipeleke kwa kikundi chenye siku ya kuchoma. Bakuli la kwanza mara nyingi hupinda upande mmoja. Likinusurika motoni, huwekwa uani kuku wanywe maji, na la pili huwa tayari linakauka.