Paneli Mpya za Sola: Tusubiri?

Baadhi ya sharika zimetuuliza kama zisubiri paneli za perovskiti, zinazosemekana zitakuwa za bei nafuu kuliko hizi za silikoni. Habari hizo si uvumi. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waligeuza asilimia 3.8 tu ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zimevuka asilimia 25.

Tatizo ni utando wenyewe. Unene wake ni kama nusu ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Wataalamu huupima kwa kuubonyeza kwa ncha ndogo mno ya almasi na kuangalia imezama kiasi gani. Wameona kwamba ni laini, mara kadhaa kuliko silikoni. Ulaini huo ungekuwa faida, maana paneli ingeweza kukunjwa, lakini utando huu pia hupasuka upesi. Tena hutengenezwa juu ya kioo kwa joto la nyuzi 100 hivi. Ukipoa hutaka kusinyaa kuliko kioo, nacho kinaushikilia, basi hubaki umewambwa kama ngozi ya ngoma. Joto la mchana na baridi ya usiku huuchosha, na penye ufa unyevu hupenya na kuuharibu.

Ndani yake mna madini ya risasi pia, na mapaa yetu mengi ndiyo tunayokingia maji ya mvua.

Kwa zahanati inayohitaji taa usiku huu, tunashauri silikoni, ambayo dhamana yake mara nyingi hufika miaka 25.